Nilivyompeleka Mutale Iyula kwa Miguu

Jumamosi, jioni. Nakonde, upande wa Zambia. Joto limepungua kidogo, vumbi bado. Kiangazi kiko ukingoni. Milimani mvua ya kwanza imeshaonja, huku kwetu inaturingia tu. Miguu yangu imevimba. Kichwa nacho kimevimba, ila hicho ni kwa sifa.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni mtu wa ughaibuni. Usicheke. Mama yangu kule Iyula akiulizwa kanisani mwanao yuko wapi, anajibu kwamba yuko nje ya nchi, na watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Hawaulizi nje ipi. Nje yenyewe ni hapa ng'ambo ya mpaka; nikipanda juu ya tangi la maji nawaona watu wa Tunduma wakianika nguo. Lakini nje ni nje. Bendera nyingine, lugha nyingine, hata saa zao ziko nyuma ya zetu. Natengeneza pikipiki kwenye gereji ya mzee mmoja Mbemba, huu mwaka wa pili. Shule niliishia kidato cha pili, nikaona panatosha. Pikipiki haijawahi kuniuliza cheti.

Fundi mwenzangu anaitwa Kabwe. Kabwe ana mdogo wake wa kike, Mutale, anauza mitumba kwenye meza inayotazamana na gereji yetu. Sitaeleza zaidi. Aliyewahi kukaza nati ileile mara nne kwa sababu macho yake yalikuwa kwingine atanielewa.

Sasa wiki hii shangazi yao amemwita Mutale Kitwe, kuna kazi saluni. Kitwe si hapo, ni kule kwenye migodi, mtu akienda ameenda. Basi la kwenda huko linaondoka Jumapili alfajiri, yaani kesho. Nilimwambia asiende. Akanitazama kama anavyotazama shati lenye tundu. Akasema hawezi kubaki kwa ajili ya mtu ambaye kwao hapajui, maana wanaume wa mpakani wote kwao ni kuzuri mdomoni. Nimpeleke akaone. Akipapenda atajua la kufanya. Asipopapenda, basi lipo.

Gereji niliwaambia tunaenda kutembea, kupunga upepo wa milimani.

Upepo gani. Nilikuwa naenda kwenye mtihani, na mitihani na mimi hatujawahi kupatana.

Halafu nilikuwa nimeshaongeza chumvi. Nilimwambia Mutale kwamba kwetu mgeni halishwi maharage siku ya kwanza, ni nyama, tena nyama ya kuchagua. Nilimwambia shamba letu la kahawa ukiingia asubuhi unatokea mchana. Mama naye nilimwambia kwenye simu maneno matatu tu: nakuja na washkaji. Unaona nilivyojipanga.

Tulivuka mpaka leo asubuhi na mapema sisi watatu. Kabwe alikuja kama mlinzi wa dada yake, amevaa viatu vyeusi vya kanisani vinavyong'aa. Nikamuuliza kama anakwenda kuhubiri. Akasema anakwenda ukweni kwa niaba, tena akasema kwa sauti ili Mutale asikie, na Mutale akajifanya anafunga kamba ya raba zake.

Tulipita Vwawa, tukashuka kwenye gari barabara kuu, na kuanzia hapo ni miguu.

Ipo njia ya kawaida, inayopitwa na kila mtu. Mimi nikasema hapana, najua mkato. Nimezaliwa huku, nimechunga mbuzi huku, hakuna kichochoro nisichokijua. Mutale akauliza ni mbali kiasi gani. Nikajibu kama wanavyojibu watu wa milimani wote: hapo tu.

Tulipanda mlima, tukashuka, tukavuka kijito, tukapanda tena. Kila nilipoulizwa nilionyesha kwa mdomo: hapo tu, nyuma ya ile miti. Nyuma ya ile miti kulikuwa na miti mingine. Kabwe alivua viatu vyake akavining'iniza shingoni, akasema sasa ameelewa kwa nini mimi nilikimbilia Zambia, nilikuwa natafuta sehemu tambarare ya kusimama.

Kiswahili cha Mutale ni cha mezani kwake, cha bei na chenji, kwa hiyo njiani nilikuwa nimemfundisha kusema shikamoo. Aliishika haraka mno. Akawa anamwamkia kila tunayekutana naye, mpaka kijana wa bodaboda rika langu kabisa, aliyesimama akijaza upepo tairi. Jamaa hakuona aibu. Alijinyoosha, akajibu "marahaba, mwanangu," akaendelea na tairi lake. Nilicheka hadi nikakaa chini, na kusema kweli kukaa nilikuwa nakuhitaji.

Halafu tukatokea kwenye kahawa.

Mvua ile ya kwanza ilikuwa imeishtua kahawa yote, imetoa maua. Matawi meupe kuanzia mwanzo hadi ncha, bonde zima, na harufu ile tamu inayokaa kooni. Hata mimi niliyezaliwa humo nilisimama kuivuta. Mutale alisema kitu kwa Kibemba polepole, akanyoosha mkono kuchuma tawi. Nikamzuia. Nikamweleza kwamba kila ua ni punje, ukichuma ua umechuma kahawa ya mtu kabla haijawa kahawa. Akaurudisha mkono, na bonde lote lile alilipita mikono ameifunga mgongoni, kama mtoto aliyeambiwa asiguse vyombo.

Nilimtazama akitembea hivyo nyuma ya Kabwe. Nikaomba Mungu, na mimi si muombaji.

Nyumbani tulifika jua limesimama utosini. Nilikuwa nimeisahau nyumba yetu ilivyo ndogo. Na kahawa yetu, niseme tu, ukiingia asubuhi unatokea asubuhi hiyohiyo.

Mama alikuwa jikoni. Jiko letu ni kibanda cha peke yake, paa limeshuka, na mlangoni kuna mti umepita juu ambao kila mtoto wa nyumba ile umeshamsalimia kwenye paji la uso. Mutale ni mrefu. Alitangulia, kwa adabu, ili akamwamkie mama kabla yetu. Mama akageuka kutoka kwenye moto, akaona msichana mrefu anakuja moja kwa moja kwenye ule mti, akapaza sauti:

"Inama!"

Sasa sikiliza. Kwa Kibemba, inama ni nyama.

Mutale alikuwa amesikia ahadi zangu wiki nzima. Akaona kumbe kijana huyu si mwongo, hata hodi hajamaliza ameshatangaziwa kitoweo. Uso ukamng'aa. Akajibu "Eya mukwai, natotela," yaani ndiyo mheshimiwa, asante sana, akaingia kichwa juu kama malkia.

Ule mti ulilia ko.

Alikaa chini palepale. Mama alikuja mbio na maji ya mtungi na kitambaa, anauliza mbona nimemwambia ainame na yeye ananishukuru, huyu binti yuko sawasawa? Kabwe alikuwa ameelewa yote na hakuwa na msaada wowote, amejilaza kwenye nyasi anacheka bila sauti. Ikabidi nieleze mimi. Nikaeleza na neno, na ahadi zangu nazo, maana moja bila nyingine isingeeleweka.

Mama hakucheka. Aliniuliza tena, taratibu.

"Kwao, inama ni nyama?"

Nikasema ndiyo.

Akaangalia sufuria yake jikoni. Ilikuwa na kande. Nzuri, ya mahindi meupe na maharage, lakini kande. Akamwangalia Mutale, kitambaa usoni, nundu inaanza kuchomoza.

"Nimemtajia nyama mlangoni kwangu, na mgeni ameshashukuru. Sasa nimpe kande?"

Akatoka nje akamwonyesha Kabwe jogoo. Jogoo yule ndiye anayeamsha nyumba zote za jirani, watu wamemtaka Krismasi mbili na mama amekataa. Tulimkimbiza mimi na Kabwe kuzunguka nyumba, Kabwe pekupeku, mimi na miguu yangu ya hapo tu. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Mutale, kitambaa amekishusha. Halafu na mama.

Kunyonyoa Mutale hakuombwa. Alijivuta karibu na beseni akaanza. Mama aliweka Kiswahili pembeni, akaongea Kinyiha chetu, Mutale akamjibu Kibemba. Walikuwa wanagusa kitu, kila mmoja anakitaja kwa kwao, na maneno yanatoka yakifanana kama mtu na mdogo wake. Hapakuhitajika mkalimani. Mimi ninayejisifu kwa lugha tatu nilitumwa kuni.

Mama hakuniuliza huyu ni nani. Wakati wa kupakua tu, firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume na kwa Wabemba vilevile, aliiweka kwenye sahani ya Mutale. Akasema ni ya pole ya kichwa. Mimi na Kabwe tukaangaliana. Mutale aliitafuna taratibu huku anatutazama sisi wawili, na mpaka sasa Kabwe hajapona.

Alasiri tukaaga. Kwetu mgeni anasindikizwa, na umbali unasema mengi kuliko mdomo. Wa kawaida anaishia mwisho wa kahawa. Mchungaji anafikishwa kanisani. Mama alijitanda kitenge, akachukua kikapu chake, akatoka nasi, akapita mwisho wa kahawa. Akapita kanisa. Nikawa nahesabu kimoyomoyo na kifua kinapanuka. Yeye na Mutale walikuwa mbele, wanaongea lugha yao ile isiyo na jina. Alitufikisha hadi barabara kuu, kwa njia ya kawaida, ambayo, naandika hili kwa uchungu, ni fupi mara mbili kuliko mkato wangu. Kabwe aliipima kwa macho, akaniangalia, akavaa viatu vyake.

Gari likaja. Mama akatupa mkono, akageuka, akaanza kurudi peke yake.

Mutale alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Akamtazama mama akipanda ule mwinuko na kitenge chake. Akautoa mguu.

"Mama hawezi kurudi peke yake," akasema, kwa Kiswahili chake cha mezani, ili nisije nikasingizia sikuelewa. "Nyie nendeni."

Kabwe akamuuliza kwa kwao, na basi la alfajiri je? Akajibu kwamba lina watu wake wengi, halitamkumbuka. Akaondoka. Alimfikia mama kabla ya kona, akamtwalia kile kikapu, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kutuangalia.

Kwa hiyo mimi ni mwanamume wa kwanza Songwe nzima kumpeleka mchumba kwao na kurudi na kaka wa mchumba.

Kabwe amempigia shangazi kumweleza. Simu haikuwa kwenye spika lakini niliisikia Kitwe yote. Nimetajwa mara kadhaa, si kwa wema. Amenitetea, nadhani, ingawa pia amesema kwamba nina akili kidogo na kwamba kwetu ni mbali sana.

Niandike ukweli nisije nikajidanganya kesho kutwa. Hakusema ndiyo. Hakusema anabaki, hakusema habari zangu kabisa, amesema habari za mama. Inawezekana amempenda mama yangu tu, na mimi ni njia ya kumfikia. Sawa. Njia nayo inakanyagwa kila siku, haijalalamika.

Kesho nitadamka kabla ya jogoo wa watu wengine, nivae shati langu la kanisani, niende stendi nisimame mbele kabisa, nilitazame basi la Kitwe likiondoka.