Siku Tuliyomfungulia Mama Esteri Kanisa

Baba,

Nimekaa kanisani kwenye benchi ya bamama, akina mama wa sala, ile ya karibu na dirisha, na tangu nianze kuandika nimeshainuka mara nyingi kuangalia barabara. Hakuna kitu. Mbuzi wa jirani, na pikipiki iliyopita na magunia ya muhogo kuelekea mjini Baraka. Nakaa, naandika mstari, nainuka tena. Ndivyo nilivyo siku hizi. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ulitutoka wakati wa mvua, na tulikuzika haraka kwa sababu milio ya risasi ilikuwa imeanza kusikika huko juu milimani. Kwaya haikumaliza hata wimbo. Hilo linaniuma bado. Wewe uliyekuwa mwinjilisti wa hapa Lweba miaka yote hiyo, uliyewazika watu kwa utaratibu, na sala, na maneno kwa kila jamaa, wewe ukafukiwa na watu wanaogeuka nyuma kila saa kuangalia mlima.

Mchungaji alipohamia Baraka na familia yake, akaniachia mimi kazi ya kufungua kanisa, kufagia na kuongoza sala za katikati ya juma. Wilondja alikataa. Unamjua kaka yangu: yeye na boti lake, na wavu wake, na maneno machache. Nikakubali mimi. Lakini Baba, nilikuwa nafungua mlango, nawaongoza bamama kusali, na mwenyewe ndani yangu hakuna neno. Nilikuwa nasema "Bwana" halafu nanyamaza, na wao walidhani ni machozi.

Nilikuwa nakumbuka siku ile tulipokimbia kupitia mashamba ya muhogo upande wa Mboko, mimi bado mtoto, umenishika mkono mpaka vidole vyangu vikauma. Nikakuuliza tunakimbilia wapi. Ukasema kimbilio letu ni Mungu. Nikakuuliza tena, kama ni Mungu, mbona tunakimbia? Ulicheka, Baba. Kati ya hofu ile yote ulicheka, ukasema, "Tunakimbia sababu Mungu alitupatia miguu." Nilikuona kama mtu asiyetikisika. Ndiyo maana ulipoondoka niliona kimbilio lenyewe limeondoka na wewe.

Sasa nikwambie jambo lililotokea, maana sina mwingine wa kumwambia lote.

Asende aliuawa shambani kwake, na watu wakasema waliomuua walishuka kutoka milimani. Asende rafiki wa Wilondja, yule waliyekuwa wakivua pamoja. Tulisikia kwamba huko juu pia nyumba zimechomwa na ng'ombe wameuawa, watu wamekufa, na kila upande unasema mwingine ndio ulioanza. Hapa hasira ilishuka kijijini kama moshi, ukiamka umo, ukilala umo. Watu wakaanza kusema kwamba mtu yeyote wa milimani asionekane tena Lweba.

Mama Esteri alikuwa bado hapa. Yule mjane aliyekuwa akileta maziwa na siagi kutoka juu milimani, halafu akajenga pembeni ya kijiji, akaimba na sisi mpaka sauti yake ikawa sauti ya kwaya. Ulimbatiza mtoto wake wa kiume ziwani. Kijana huyo alikuwa ameshakimbia, na Mama Esteri alibaki na mke wa kijana, Nyota, ambaye mimba yake ilikuwa imeshuka na miguu imevimba. Hakuweza kutembea mbali.

Walikuja kanisani wote wawili mchana, jua kali, bila mzigo. Nilikuwa nafagia. Mama Esteri hakuniomba nimfiche. Alisimama pale nje, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Riziki, mi naomba kusali. Unifungulie kanisa." Mlango ulikuwa wazi, Baba. Alikuwa ananiomba kitu kingine na wote wawili tulijua.

Natamani nikuambie kwamba niliitika mara moja kwa imani. Nilifikiria nyumba yetu. Nilimfikiria Mama. Niliangalia barabara. Halafu Nyota akajishika kiuno akakunja uso, nikajikuta nimemshika mkono na kumwingiza ndani.

Habari ilifika ziwani upesi. Wilondja alikuja bado ameloa mpaka magotini. Aliniambia nitaleta moto juu ya kichwa cha Mama, kwamba Asende hajaoza bado kaburini na mimi naweka watu hawa mahali ulipokuwa ukihubiri wewe. Nilimjibu kwamba wewe ungefanya hivyo hivyo. Akaniangalia sana. Akasema wewe umekufa, na sisi ndio tutakaochomwa. Akaondoka. Na alikuwa anasema kweli.

Kisha akaja Mama. Alikuwa amebeba mkeka na sufuria ya uji. Uji akampa Nyota, mkeka akautandika kizingitini, akaketi juu yake, miguu imenyooka nje. Bamama wachache wa sala wakaja wakakaa nyuma yake. Wengine walipita njia nyingine, na siwalaumu.

Vijana walifika kabla jua halijashuka. Unawajua wote, ni watoto wa hapa. Aliyewatangulia ni yule uliyemfundisha kupiga ngoma ya kanisa. Alikuwa na bunduki begani, wengine mapanga. Akamsalimia Mama kwa heshima, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akasema wanataka tu wale wawili, wengine hawana shida nao.

Mama alimwambia, "Kama munataka kuingia, muweke hizo bintu chini, muvue viatu, muingie musali. Kama hamutaki kusali, mi iko hapa ku mulango."

Hakuinua sauti. Hakuinuka pia. Nilikuwa ndani, nimemshika Nyota mgongo, kwa sababu uchungu ulikuwa umemshika kabisa, na Mama Esteri alikuwa amepiga magoti akiimba chini chini kwa lugha yake. Mwishowe Nyota ndiye aliyenishika mimi. Hapo ndipo niliposali, Baba, kwa mara ya kwanza tangu kaburini kwako. Nilisema, "Kaa hapa." Basi. Nilisema tena na tena, kaa hapa, kaa hapa. Utulivu haukuja. Hofu haikuondoka hata kidogo. Lakini sikujiona peke yangu ndani ya hofu ile, na hilo sijui kulieleza vizuri zaidi.

Nyota akalia. Nje wakauliza ni nini. Mama akasema ni mtu anazaa. Wakasimama pale. Yule wa ngoma akaangalia chini, akasugua mguu kwenye vumbi, akasema watarudi asubuhi. Wakaenda. Mpaka leo sijui kama waliona haya, au walimwogopa Mungu, au ni kule kulia kwa Nyota tu.

Mtoto alizaliwa jua likizama, msichana, mwenye nywele nyingi. Mama ndiye aliyempokea.

Kulipoanza kupambazuka nilitoka nje nikitafuta namna ya kuwatoa, na boti lilikuwa pale chini ya kanisa, karibu na mawe. Wilondja alikuwa amekaa ndani yake, ameligeuzia kanisa mgongo. Hakuna aliyekuwa amemwita. Nikamkaribia, akasema neno moja tu, "Bapande." Tukawapandisha, Mama Esteri, Nyota na mtoto amefungwa katika kitenge cha Mama. Wilondja hakuwaangalia hata mara moja. Mama Esteri alitaka kumshukuru, yeye akawasha mashine.

Aliwafikisha ng'ambo ya Baraka, kwa ndugu zao. Mama Esteri alinipigia simu siku hiyo, kisha mtandao ukakatika na sijasikia tena. Ndiyo sababu nainuka inuka. Ndiyo sababu naangalia barabara, labda mtu anayetoka Baraka ataleta habari zao.

Vijana walirudi kweli wakakuta kanisa tupu. Hawakutugusa. Lakini muhogo wetu wa karibu na mto uling'olewa wote, na kuna jamaa hawasali tena na sisi. Mama wa Asende alinipita sokoni kana kwamba mimi ni mti. Ningekuwa yeye, labda ningefanya hivyo. Wilondja analala ufukweni na boti lake. Haji nyumbani wala kanisani.

Juzi, tukichambua majani ya muhogo ya sombe, nilimwambia Mama kwamba mimi si kama wewe, kwamba wewe ulikuwa na amani. Mama akaacha mkono hewani. Akaniambia kwamba katika miaka ile ya kukimbia ulikuwa hulali, ukitetemeka mpaka kitanda kinalia. Kwamba ulikuwa ukisali ukizunguka nyumba kwa sababu hukuweza kukaa, na ulimkataza asituambie. Baba, nililia, na nikajisikia mwepesi. Miaka yote nilidhani uliingia katika kimbilio ukapumzika. Kumbe uliingia na hofu yako, ukabaki nayo humo ndani.

Basi mi pia nitabaki humo, jinsi nilivyo.

Jumapili nitafungua, hata kama tutakuwa mimi na Mama tu. Nitamtembelea mama wa Asende, anipokee au asinipokee. Na kesho asubuhi nitashuka ufukweni kwa Wilondja. Sitamwambia arudi kanisani. Sitamuuliza kwa nini alileta boti. Nitamsongea bukari, nimpelekee na sombe, nimuulize kama amekula.

Kaa vizuri, Baba, kwa Bwana uliyemtumikia.

Ni mimi mtoto wako,
Riziki