Kipimo cha Mkono wa Koko

Bakoko,

Miti yako ya mlangilangi tumeikata. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Baba ananicheka, anasema siku hizi ni Kimalagasi na Kifaransa, nani atakisoma. Lakini ni wewe, babu yangu, uliyenifundisha kukiandika wakati wa likizo, ukisema mtu akisahau lugha ya babu zake ya kuandikiana, atapata wapi adabu ya kusalimia. Kwa hiyo nakusalimia. Sisi wazima. Koko, mkeo, anakohoa kidogo, lakini ni moshi wa jikoni tu.

Hukutuona tukifika. Habari yako ilitukuta Mahajanga, nyumbani Antanimasaja. Baba alikuwa kwenye karakana yake ya useremala, na mimi nilikuwa nafua sare ya shule ili nimpe mtoto wa jirani, maana nilikuwa nimemaliza. Mvua zilikuwa zimeharibu njia. Tulipanda lori, tukashuka kulisukuma, tukapanda tena, na Antsahampano tukasubiri sana boti ya kutuvusha. Tulipofika kwako kisiwani Nosy Be ulikuwa umeshazikwa. Baba alisimama kaburini na viatu vyake vya mjini vimejaa matope, akasoma Yasini mpaka mwisho. Anavuta pumzi pale pale ulipokuwa unavuta wewe. Sikuwahi kuligundua hilo ulipokuwa hai.

Koko akaingia eda. Siku ile ile, mbele ya wanawake waliokuja kutoa pole, alisema, "Panga lisiingie shambani kwake. Miti nayo imefiwa. Tutakaa eda pamoja." Wanawake wakalia. Baba akainamisha kichwa. Hata mimi niliona ni neno zuri, na hakuna aliyethubutu kulipinga.

Lakini nilijua, Bakoko. Nilikuwa nimekushikia kamba likizo ngapi, wewe unakata kichwa cha mti, kisha unayakunja matawi na kuyafunga kwenye vigingi yatambae chini, ili maua yafikiwe kwa mkono. Ulikuwa ukisema, "Mlangilangi hauna adabu. Uache masika moja tu, utakwenda mbinguni kabla yangu." Nilijua, nikanyamaza. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia wageni, "Huyu mjukuu wangu anaongea, ila kwa miadi."

Mvua ikanyesha, na miti ikaenda zake mbinguni, nyuma yako. Vichipukizi vilisimama wima kama mikuki. Wachumaji walipokuja alfajiri walisimama na vikapu vyao wakitazama juu. Mama Soa, yule jirani yetu Msakalava ambaye mlikuwa mkitaniana, akasema, "Haya maua sasa ni ya komba. Twendeni tukalale." Walijaribu kuyavuta kwa fito zenye ndoano. Unajua langilangi lilivyo, likiguswa vibaya linafanya weusi kabla jua halijapanda. Kiwanda cha mafuta ya marashi kilirudisha vikapu vyote. Harufu ya maua yaliyooza nyuma ya nyumba ilimfikia Koko chumbani.

Hapo Baba akasema tung'oe miti, tupande miwa kama majirani. Sikumlaumu. Yeye ni seremala, ana wateja wanaomngoja, na shamba lisilochumika ni msitu tu. Alishazungumza na vijana wa kuja kung'oa visiki. Mimi ningerudi naye Mahajanga kujifunza kushona kwa shangazi.

Usingizi haukunipata vizuri siku hizo. Nilikuwa nikikumbuka mambo madogo. Siku bendera mpya ilipopandishwa, kijiji kizima kilishuka mjini na nguo za sikukuu, wewe ukasema maua hayajui uhuru, yakiiva yameiva. Ulitufikia hotuba zimeshaisha, kofia imejaa unga wa njano, unanukia kama bibi harusi, na Koko akajifanya hakujui.

Na nilikumbuka siku nilipokuuliza kwa nini miti yako ni mifupi kuliko ya watu wote. Majirani walikuwa wakiliita shamba la mbilikimo. Ulifunga fundo kwanza, ndipo ukajibu: "Kipimo changu ni mkono wa bibi yako. Mti usizidi hapo." Halafu ukaniambia nishike kamba vizuri.

Basi nikaenda kwa Koko chumbani. Alikuwa amekaa mkekani na nguo zake nyeupe, anavuta tasbihi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, la miwa, la visiki, na la kipimo.

"Mkono wa nani?"

"Wako, Koko."

"Mimi aliniambia ni upepo," akasema. "Kila mwaka namuuliza, bwana, mbona unazidi kuishusha miti, watu wanatucheka. Ananiambia kimbunga, mke wangu, kimbunga." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Mwongo mkubwa yule. Mungu amrehemu."

Nilikwenda kutafuta ufito wako wa kupimia. Niliukuta umechomekwa kwenye makuti ya jikoni, pale pale. Una mikato mingi, mmoja chini ya mwingine. Siku zote nilidhani ni hesabu ya miaka. Sikujua nifuate upi, na Koko hakuweza kutoka nje kwa sababu ya eda. Kwa hiyo nikamwomba asimame mlangoni, kwa ndani, anyooshe mkono kwenye mwimo kama anayechuma ua. Nikausimamisha ufito kando yake.

Mkato wa juu kabisa ulimpita mbali. Nilishusha macho, mkato hadi mkato, na yote ilimpita, hata ule wa chini uliokuwa bado mweupe. Vidole vyake vilikoma upana wa kidole kimoja chini yake.

Nadhani alijua kuwa amezidi kufupika. Alibaki amenyoosha mkono, na Baba akaingia uani wakati huo huo, kuja kusema vijana wa visiki wamefika. Alimwona mama yake, akauona ufito. Anaufahamu kuliko mimi, alikua nao. Alivua kofia, akakaa kwenye kinu.

"Nani atakata?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, hata kuku wakakimbia. Koko akacheka, mara ya kwanza tangu ulipoondoka. "Miadi imefika," akasema. "Lipeni panga ruhusa. Na mimi nitaimalizia miti hiyo eda yake hapa ndani."

Baba alikata vichwa kwa msumeno wake, mimi nikakunja matawi. Vijana wa visiki walibaki kuchonga vigingi. Nilivunja matawi matatu au manne kwa haraka, unisamehe. Baadaye nikakumbuka ulivyokuwa ukilikanda tawi kwa viganja kabla ya kulikunja, kama unavyomkanda mtoto mguu. Hayakuvunjika tena. Miti ilionekana kama imenyolewa. Mama Soa alipita akasema tumeifanya iwe mifupi kuliko hata marehemu alivyofanya. Nikamwambia ndiyo.

Baba amerudi Mahajanga peke yake. Shangazi atapata mwanafunzi mwingine wa kushona.

Jana Koko alitoka eda. Leo alfajiri tulikwenda shambani, yeye mbele. Maua bado machache, mengi ni mabichi. Lakini kwenye mti ule wa karibu na kisima palikuwa na moja lililoiva, njano, na wekundu wake ndani kwenye kitovu. Alinyoosha mkono akalichuma, hakusimama kwa ncha za vidole. Hakulitia kikapuni. Alilifunga kwenye pindo la leso, na ninaliona sasa hivi kwenye mto wako wa kulalia.

Pumzika, Bakoko. Mungu akupe nafasi pana. Ufito nimeurudisha pale pale kwenye makuti, na nimechonga mkato mpya chini ya wako wa mwisho. Kila baada ya mvua nitampima tena mlangoni, nitachonga, nitakata. Akiniuliza, nitasema ni kimbunga.

Mjukuu wako