Jumapili Nashinda Makumbusho

Columbia Heights, Washington
17 Januari 1999

Mama Edah, kamwene.

Hamjambo huko nyumbani? Mafua ya Edah yaliisha? Mama na mgongo wake wanaelewana siku hizi? Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti yananisumbua, lakini hayo ni ya kazi, si habari mpya.

Baridi ya huku usiiombe. Mwezi wa saba wa Njombe ukiuleta hapa watu watavua makoti. Bado tunamwaga zege kule Sterling, upande wa uwanja wa ndege. Tunajenga nyumba kubwa kuliko kanisa la misheni na haina dirisha hata moja. Nikamuuliza msimamizi ataishi nani humo gizani, akaniambia zitakaa kompyuta. Nilidhani ananitania, kumbe kweli.

Chumba bado nakaa na Fahmi, yule Mzanzibari. Anapakia mizigo ya ndege usiku na kulala mchana. Siku za kazi hatuonani, ila Jumapili tunagombana. Nikitoka kanisani namkuta kajifunika gubigubi. "Phineas, bwana, hebu toka mie n'lale. Wewe hata ukifikiri n'nakusikia." Basi natoka.

Kwa hiyo Jumapili nashinda Makumbusho. Hakuna kiingilio, kuna joto, vyoo ni visafi, na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Walinzi wa pale wameshanizoea. Nikichoka kutazama nakaa kwenye benchi, navua viatu kidogo chini chini. Jioni wakifunga naenda kwa Mugo, yule dereva Mkenya anayetupeleka kazini. Anasonga ugali, watu wa kwetu wanajaa, ni Kiswahili tupu mpaka tunafukuzwa. Ndiyo raha yangu ya wiki nzima.

Nakuwekea picha. Mugo alinipiga mwezi wa kumi na mbili. Huyo nyuma yangu ni tembo wa Makumbusho. Usiogope, hana madhara.

Mwatumu, yule dada wa Dar anayetubebea barua, anasafiri Jumanne, ataitia barua hii posta akifika Dar kama kawaida. Na wewe jibu kwa sanduku la kaka yake, italetwa na yeyote anayekuja huku.

Mbusu Edah.

Ni mimi, Baba Edah

*

Mtwango, Njombe
21 Februari 1999

Baba Edah, kamwene.

Sisi wazima. Edah amepona, mama anatembea, viazi vimezaa. Salamu zimeishia hapo.

Barua yako ilisomwa mbele ya watu, kwa sababu kaka Kalisti alikuwepo na ndiye aliyeitoa posta. Ilipofika "Jumapili nashinda Makumbusho" akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Vaileth, Makumbusho naijua. Ni Dar, Kijitonyama, njia ya kwenda Mwenge. Nimeshusha viazi pale mara ngapi. Shemeji yupo Dar."

Nikamwambia juu ya karatasi imeandikwa Washington. Akasema hata yeye anaweza kuandika Roma juu ya karatasi, haitamfanya Papa. Akageuza bahasha. Stempu ya Tanzania, muhuri wa Dar es Salaam. Akachukua bahasha zako zote za miaka miwili hii, zote muhuri wa Dar. Nikamtaja Mwatumu, akauliza nani amewahi kumwona. Na za kwangu nazipeleka wapi? Dar. Nyumba isiyo na dirisha ya kukaa kompyuta ilimchekesha mpaka akakohoa. "Hata uongo una kipimo," alisema.

Halafu picha. Baba Edah, wewe unataka tuamini uko Marekani, unatutumia picha ya tembo? Mikumi tembo wanavuka barabara na basi linawasubiri. Ungesimama hata karibu na Mzungu. Na ugali, na Kiswahili tupu, na Mzanzibari chumbani. Niambie ni nini humo ambacho hakipo Dar. Baridi umeiandika wewe, mimi sijaihisi.

Nilikutetea. Nilisema walikuja kukuaga watu wengi, bwana wa ubalozi alikuchukua mwenyewe kwenda huko ukamlimie bustani, kabla ya hii kazi ya zege. Kalisti akajibu kwamba mabwana huhama, na watunza bustani hubaki njiani.

Sasa nisikilize. Kama uko mbali nitakungoja hata miaka, nimeshakuonyesha. Kama uko karibu siwezi kukungoja hata wiki moja. Mtu aliye safari ya siku moja kutoka kwa mtoto wake na haji, huyo ameshaondoka. Kalisti anasema baada ya Pasaka wazee wakae, mimi na Edah turudi kwa baba. Nimemwomba asubiri jibu lako.

Jibu vizuri.

Mama Edah

*

Columbia Heights, Washington
14 Machi 1999

Mke wangu Vaileth, kamwene.

Namshukuru Mungu Edah amepona. Mimi mwili mzima, moyo ndio una homa. Mwatumu amenifikishia barua yako juzi. Nimeisoma kwenye gari la Mugo tukienda kazini, na siku hiyo nilimwaga zege nje ya mbao.

Nilikasirika, sikufichi. Niliandika barua nyingine kabla ya hii, nikamsomea Fahmi. Akasema, "Ichane. Hii ukiituma, hata kama uko Marekani itakuwa bora ungekuwa Dar." Nikaichana.

Neno lenyewe nimepewa naye. Mimi niliishia darasa la tano, sikujua hizi nyumba zinaitwaje kwetu. Wakenya wanasema miuziamu. Fahmi akasema Kiswahili chake ni makumbusho, nikaliandika hivyo kwa fahari kabisa. Ni nyumba wanazoweka vitu ili visisahauliwe. Hapa mjini zipo nyingi, zimepangana pande mbili za uwanja mrefu wa nyasi, na nyingi ni bure.

Tembo yule amekufa zamani, Vaileth. Amejazwa, anasimama chini ya kuba. Wamemtoa Afrika kama mimi, ila yeye hasogei, na watu wanakuja kutoka mbali kumwangalia. Mimi nilitaka picha naye kwa sababu siku ile ndiye peke yake niliyemfahamu mle ndani.

Nilifikiri nipige nyingine kwenye nyumba ya ndege, zinaning'inia juu kama mikungu ya ndizi. Fahmi akasema Dar kuna studio zimechorwa ndege ukutani. Mugo akasema, "Wee Mtanzania, shida yako unaenda museum sana. Ungekuwa unaenda baa kama watu, bibi yako angejua uko wapi." Basi sitatuma picha. Nitakueleza tu.

Kwenye nyumba ya ndege kuna kipande cha jiwe walichokileta kutoka mwezini, unaruhusiwa kukigusa. Watu wanapanga mstari. Kimekuwa laini kama sabuni kwa kuguswa. Nami nilikigusa kwa kidole hiki chenye ufa wa saruji, halafu sikujua nifanye nini, nikatia mkono mfukoni nikatoka. Hili usimwambie Kalisti.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni nyumba ya matofali, wameiweka kwa ajili ya mambo ya ujenzi. Ukiingia kuna nguzo, miti ya kanisa letu ukiipandanisha mitatu huenda isifike juu. Unaona ni marumaru. Nilizunguka moja, nikaigonga kwa kifundo cha kidole kama tunavyogonga tofali kujua limeiva. Mlinzi akaja. Nikadhani nafukuzwa. Akacheka, akaniambia ni matofali ndani, yamepigwa plasta na kupakwa rangi. Tofali la kuchoma, Mama Edah, kama la tanuri letu la kule bondeni. Nilikaa chini ya nguzo ile mpaka wakafunga. Wiki nzima napiga koleo sijui kazi yangu inakwenda wapi. Pale niliona inakokwenda.

Hii naitia posta ya hapa mwenyewe, na stempu yao. Anwani yangu iko nyuma. Sina ushahidi mwingine.

Niko mbali, Vaileth. Ngoja.

Mume wako, Baba Edah

*

Mtwango, Njombe
30 Machi 1999

Baba Edah, kamwene.

Sisi wazima. Jibu halijafika. Kesho Kalisti anapeleka viazi Tandale na lori lina nafasi mbele. Pasaka tutakuwa Dar. Nakuja na Edah. Amevaa ile sweta uliyomnunulia, imemkaba, lakini amekataa kuivua ili umtambue.

Barua hii naiandikia lile lile sanduku la Dar, labda utaisoma kabla hatujafika. Ukituona Makumbusho usikimbie. Simama tu hapo ulipo, mimi nitajua la kufanya.

Mama Edah

*

Mtwango, Njombe
11 Aprili 1999

Baba Edah wangu, kamwene, kamwene tena.

Tumerudi salama, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye lori. Edah hajambo, anajidai kwa wenzake kwamba amekula samaki wa baharini. Wewe magoti yanaendeleaje? Usivue viatu kwenye baridi.

Nimekwenda Makumbusho. Hukuwepo.

Tulikutafuta Ijumaa Kuu na Jumamosi, mtaa kwa mtaa. Kalisti alibeba picha yako, kila duka anasimama: "Mnamjua huyu?" Watu wanamwangalia tembo, wanamwangalia Kalisti, wanarudisha picha. Muuza mkaa mmoja akauliza anayetafutwa ni yupi kati ya hao wawili. Edah akacheka, mimi sikuweza.

Jumapili ya Pasaka tukafika kwenye geti moja lina miti mingi ndani. Kuna mama wa Kijaluo anakata tiketi, anaitwa Mama Aketch. Kalisti akamwekea picha mezani. Huyo hakumwangalia tembo. Akaisogeza picha kwenye mwanga, akauliza:

"Na hawa wa nyuma ni akina nani?"

"Wa nyuma wapi?" Kalisti akasema.

"Hawa. Yule mtoto na glavu. Yule mzee kashika koti zito kama blanketi. Na sakafu hii. Kaka, Mikumi kuna marumaru?"

Baba Edah, tulikuwa tumeitazama picha ile miezi miwili, tunakuona wewe na tembo tu.

Kalisti akashika ukingo wa meza. "Lakini yeye kaandika anashinda Makumbusho."

"Hata mimi nashinda makumbusho," Mama Aketch akasema. "Ni hapa. Makumbusho ni nyumba za namna hii, dada, zipo dunia nzima. Mtaa umechukua jina kwetu, na sasa unataka kutunyang'anya. Haya, mnatafuta mtu au mnaingia?"

Tukaingia. Ndani kuna nyumba za makabila, Wahaya, Wachaga, Wazaramo, kila moja na kuni zake na vyungu vyake kana kwamba wenyewe wamekwenda kisimani. Edah aliingia na kutoka kila mlango. Kwenye nyumba moja palikuwa na jiwe la kusagia kama la bibi, limeliwa katikati vile vile. Akaniuliza ni la nini. Mtoto wangu hajui, Baba Edah, amekulia mashine ya kusaga. Nikapiga magoti nikamwonyesha. Watu wakasimama kutazama, wakadhani nimeajiriwa. Jioni kukapigwa ngoma. Nilikaa kwenye benchi, nikavua viatu kidogo chini chini, nikajua unashinda pale kwa sababu gani.

Nimekutafuta kila uchochoro nikakukosa. Sijawahi kumkosa mtu nikafurahi hivyo. Njia nzima ya kurudi niliimba mpaka Kalisti akaomba nipumzike kwenye kona za Kitonga.

Nyumbani tukakuta barua yako, na stempu ya Marekani. Imechelewa. Nilikuwa nimeshaamini. Lakini nimeisoma mara nyingi, hasa pale pa tofali. Edah anaitaka stempu, nimemkatalia kwa sasa. La mwezini sikumwambia Kalisti, nimemsomea tu.

Wazee hawatakaa. Kalisti haombi radhi, unamjua. Amesema tu, "Mwandikie shemeji kwamba yule tembo ni mkubwa kweli." Hiyo ndiyo radhi yake, ipokee.

Bahasha hii nimeiandikia anwani yako mwenyewe, haipiti kwa mtu. Karani wa posta aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia ninao.

Mkeo, Mama Edah

*

Columbia Heights, Washington
20 Juni 1999

Vaileth, kamwene.

Hujambo wewe na miguu yako? Mwambie Edah sweta ile aigawe, nimemnunulia kubwa. Mimi mzima. Hata magoti, tangu barua yako ifike, yamenyamaza kidogo.

Nilimsomea Fahmi na Mugo pale pa muuza mkaa, Mugo akaegesha gari pembeni kwanza amalize kucheka. Mwatumu amesema kwamba yeye amezaliwa Kijitonyama na hajawahi kuvuka geti lile. Akienda safari hii ataingia.

Fahmi amehamishiwa zamu ya mchana. Jumapili yuko kazini, chumba ni changu peke yangu. Wiki iliyopita nikasema leo nitalala mpaka nichoke kulala. Nikalala kidogo, nikaamka, nikatazama dari. Nikavaa viatu. Nikaenda kwenye nyumba ya matofali, nikakaa chini ya nguzo yangu, nikamweleza mlinzi habari za jiwe la kusagia. Kiingereza changu unakijua. Alielewa kwa mikono.

Nyumba ya kompyuta tunaiezeka sasa. Mwezi wa kumi na moja tunaikabidhi. Msimamizi ameniuliza kama nitahamia nao Woodbridge, kuna nyingine. Nimemwambia hapana. Ninataka kujenga nyumba yenye madirisha, Mtwango, ya tofali la kuchoma.

Niandalie udongo wa tanuri. Na Desemba, Jumapili ya pili, mpande lori la Kalisti. Uwanja wa ndege msije, kuna joto na kusubiri kwingi. Nendeni kwa Mama Aketch, mkae kwenye lile benchi. Safari hii mkinitafuta Makumbusho, mtanikuta.

Baba Edah